Maji Niliyosema Nimeyaona

Nsimire mwanangu,

Uko hapo barazani unasukwa na mama yako, na nawasikia mnacheka. Mimi niko chumbani. Nimewaambia natafuta miwani, na miwani ninayo machoni, kwa hiyo naanza barua hii kwa uongo mdogo. Nivumilie, maana naiandika ili niuondoe ule mkubwa.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na watu wa kuwapigia simu ukifika Goma kuanza kazi nimemwachia mama yako. Ameshayarudia mara nne, na kabla hajamaliza kichwa chako atayarudia mara ya tano. Mimi nina neno moja tu. Kazini nilizoea kuandika kwanza kile kilichotokea, sababu baadaye, basi nitafanya vivyo hivyo hapa.

Juzi Jumapili, tukiwa bado mezani, ulituambia kwamba umeacha boti ya ziwani. Utakwenda na jeep ya wafanyabiashara, kupitia Kalehe na Minova. Mama yako alishtuka, maana barabara ile kila mtu anaijua: mashimo, matope, vizuizi vya watu wenye bunduki ambao hujui ni wa nani, na kulala njiani. Akakuuliza, "Juu ya nini unaacha boti, na njo salama kuliko barabara?" Ukajibu kwa upole, ukinitazama mimi: "Maman, Papa alionyeshwaka ile maji. Siwezi kumujaribu Mungu."

Nikainamia sahani yangu ya sambaza kana kwamba wale samaki wadogo wana kitu cha kuniambia.

Mwanangu, sikuonyeshwa kitu. Sikuona maji meusi, wala mkoba wako haukuelea popote. Nilitunga. Mungu hajawahi kuniambia neno lolote juu ya wewe na ziwa, si miaka mitatu iliyopita, si leo.

Sasa umelijua. Kama huwezi kuendelea kusoma, weka karatasi chini kwanza, unywe maji. Ukirudi utanikuta Lwiro, maana mambo yanaanzia huko.

Nyumba ya Lwiro huikumbuki sana, ulikuwa mdogo tulipohamia hapa Cimpunda. Mimi naikumbuka mno. Asubuhi kulikuwa na baridi, na ukungu ukishuka kutoka mlima wa Kahuzi ulikuwa huoni hata kamba ya kuanikia nguo. Kazi yangu ilikuwa kwenye chumba cha mashine za kupima mitikisiko ya ardhi. Ilikuwepo ile yenye pipa dogo linalozunguka polepole, limevishwa karatasi, na sindano inachora mstari juu yake mchana na usiku. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ikitikisika, hata kama hakuna mtu aliyesikia, sindano inaruka. Kila asubuhi nilibadilisha karatasi, nikaandika saa na tarehe pembeni, nikahesabu miruko.

Siku moja mama yako alikuwa na homa, nikaja na wewe kazini. Ulikuwa na miaka minne. Nilikukalisha kwenye kiti nikakukataza kugusa chochote. Kweli hukugusa. Ulishuka, ukaruka kwa miguu miwili kwenye sakafu, pu! Sindano ikaandika. Ukaruka tena. Ukaitazama karatasi, ukanitazama mimi, ukasema: "Papa, njo mimi huyu!" Ilinipasa kukukemea. Badala yake nilicheka mpaka mkuu wangu akaja kuuliza kuna nini, naye akacheka. Pembeni ya karatasi, mahali pa kuandika chanzo cha mtikisiko, niliandika: Nsimire, miaka minne. Nadhani bado iko kwenye makasha ya huko, kama panya hawajaimaliza.

Nilikuwa na furaha siku zile na sikujua kuwa ni furaha. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyoishi. Nilijua kuliko majirani wote kwamba ardhi chini ya vitanda vyetu haitulii hata siku moja, na bado jioni nilipanda baiskeli yangu nikirudi nyumbani naimba. Ukiniuliza nilimtumaini Mungu namna gani wakati ule, nitakuambia sikuwa nafikiria jambo hilo, kama usivyofikiria pumzi yako.

Kisha ikaja habari ya tonton wako Bisimwa.

Wewe unamkumbuka kwa miwa aliyokuletea. Mimi namkumbuka kwa sauti. Korasi ya kanisa ilipoteza nusu ya besi siku alipoondoka. Alikuwa mdogo wangu wa kunifuata, na alileta vitunguu na kabichi kutoka Minova kwa boti za mizigo. Wiki ile upepo ulikuwa mkali na alisita. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. "Yaya," alivyozoea kuniita mimi kaka yake, "uniombee. Roho yangu haitulie." Tulipiga magoti wawili kwenye simenti. Nilipomaliza kuomba nilijisikia mwepesi, kifua kimefunguka, furaha imenijaa, na nikamwambia: "Wende tu. Mungu amesema ndiyo."

Alikwenda, na boti ilizama ikiwa njiani kurudi. Hatukumzika Bisimwa, kwa sababu hatukupata wa kumzika. Kule matangani watu walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba ni mimi niliyemtuma. Nilikuwa nimeusikia utulivu wa moyo wangu mwenyewe nikauita sauti ya Mungu. Sikusema uongo siku ile, niliamini nilichokisema, lakini Bisimwa hakurudi.

Tangu hapo mimi na Mungu tukawa kama majirani waliogombania mpaka wa shamba: tunasalimiana, lakini haingii mtu kwa mwenzake. Nje hakuna aliyejua. Niliimba, nilitoa sadaka, mpaka nikachaguliwa katibu wa chumba chetu cha maombi. Ndani nilikuwa nimechukua kazi ya kulinda watu wangu mwenyewe. Tulipohamia hapa mteremkoni, ambapo bati la jirani wa chini liko usawa wa mlango wetu, kila mvua iliponyesha nilitoka na jembe kuchimba mfereji nyuma ya nyumba. Unaukumbuka. Ulikuwa unaona aibu wenzako wakinicheka.

Mama yako alilala. Asubuhi moja, anakoroga uji, nilimuuliza: "Maman Nsimire, unalalaka namna gani na hii mvua?" Hakuinua hata macho. "Mungu halalake. Mimi na weye tukikesha tena, tutakuwa watatu, juu ya nyumba moja tu?" Nilimkasirikia kutwa nzima. Nilimwona mzembe. Leo ningetoa kitu kikubwa ili nirudi kwenye asubuhi ile nicheke naye.

Sasa tufike kwenye barua ya bourse yako, ule ufadhili wa kusomea maabara kule Goma.

Unajua desturi yetu: mtu hasafiri safari kubwa kabla ya kuileta kwenye chumba cha maombi. Jumatano ile alasiri ulipiga magoti katikati ya salon, sebule ya mzee wetu wa maombi, kichwa umekifunga kitambaa cheupe, tukakuwekea mikono. Maombi yakaisha. Mzee akauliza kama kawaida, "Kuko mwenye ameonyeshwa kitu?" Kukawa kimya. Nsimire, kimya kile kilikuwa kizuri. Hakuna aliyeona kitu, ulikuwa huru kwenda zako. Lakini mimi katika kimya kile nilimwona Bisimwa amesimama mlangoni na kofia yake, na nikasikia kinywa changu kinasema: "Mimi niliona."

Nikasema maji meusi. Nikaona hayatoshi. Mtu wa vipimo anajua kwamba jambo lenye alama ndogo ndilo linaloaminika, basi nikaongeza mkoba wako mwekundu, unaelea, mshipi mmoja umekatika. Wamama wakapiga kelele, "Yezu!" Mzee akaamuru tufunge siku tatu. Ulisoma hapa hapa Bukavu, na bourse ikaenda kwa mtu mwingine.

Lakini hilo si lile linaloniuma zaidi. Jioni ile tukipanda ngazi za mtaa kurudi nyumbani, wewe mwenye miaka ishirini, ulinishika mkono kama mtoto. Ukaniambia: "Papa, aksanti. Mungu ananipendaka kweli, juu amekuonyesha." Nami nikajibu, "Amina."

Ulifunga siku zile tatu bila hata maji. Siku ya pili mimi nilinunua mahindi ya kuchoma njiani pale Kavumu, nikayala nimegeukia ukuta. Kwa nini nifunge? Mimi peke yangu nilijua kwamba hakuna hatari ya kuombea.

Ungedhani baada ya hapo nililala vizuri. Mtoto yuko nyumbani, ziwa liko huko chini. Wapi! Ulipopanda moto, zile pikipiki za abiria, kwenda masomoni niliogopa pikipiki. Ulipofanya mazoezi ya hospitali niliogopa sindano na damu za watu. Ulipokohoa nilisimama mlangoni pako. Nilikuzuia usiende Goma ili nipate amani, na amani haikuja hata siku moja, kwa sababu woga haukuwa ziwani. Ulikuwa humu ndani, na humu ndani nilikuwa nao kila uendapo. Na sasa tazama kazi yangu ilipofika. Kwa ajili ya maji niliyoyatunga, mtoto wangu anayatoroka maji na kuingia kwenye barabara inayonitisha kuliko ziwa lenyewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wazee. Nadhani mwenye woga naye hadiriki kulala.

Jana asubuhi nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilidhani ataangusha ungo.

"Nilijuaka," akasema.

Akaendelea kuchambua: "Mutu mwenye Mungu amemuonyesha hatari hawezi kula muhindi siku ya kufunga. Njo mimi nilifua ile suruali yako. Mufuko ilikuwa imejaa nywele ya muhindi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote mitatu. Hapo akaweka chini majani aliyoshika. "Na miye nilikuwa nataka mutoto abakie."

Tulikaa pale kwenye ngazi ya jikoni, wazee wawili na ungo wa sombe katikati. Kisha akasema kwamba sehemu yake atakuambia mwenyewe, ila yangu niibebe mimi. Kama bado hajakuambia, usimtangulie. Anatafuta mahali pa kuanzia, ndiyo maana nywele zako zinachukua muda mrefu namna hii.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikaketi ukingoni mwa mfereji. Sikuomba vizuri. Nilisema: Nimekusemea mara mbili. Mara ya kwanza nilisema umekubali, ndugu yangu akafa. Mara ya pili nilisema umekataa, na mtoto wangu akaniamini. Nimechoka kuwa mdomo wako. Huyu mtoto ni wako, mchukue, sitamshika tena.

Sikusikia jibu. Sikuona kitu. Wala wepesi ule wa siku ya Bisimwa haukuja, na nilishukuru haukuja, maana nisingeuamini. Nilikaa tu. Baada ya muda nikagundua kwamba sijajibiwa na kwamba sisubiri jibu. Nikarudi ndani, nikaketi kwenye kiti changu saa nane mchana, na nikalala mpaka jua likageuka, mdomo wazi. Ulinifunika kitenge cha mama yako, ukaniuliza nilipoamka kama naumwa. Hapana, mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kifo cha Bisimwa kulala bila kumlinda mtu.

Usidhani nimekuwa mtakatifu kwa usingizi wa saa mbili. Hata sasa naogopa. Mkono huu unaoandika ukiuweka karibu na mashine yangu ya zamani, sindano itachafua karatasi nzima. Na sikuahidi kwamba boti itafika. Bisimwa alikuwa mtu wa sala kuliko mimi. Miaka yote niliyosoma ile mistari, hakuna asubuhi hata moja nilipoweza kusema kesho itachora nini, wala mimi wala wasomi wenye vyeo. Nilidhani kumtumaini Mungu ni kupata habari ya kesho mapema kidogo kuliko wengine. Ndiyo kazi niliyompa: anipe habari. Aliponinyima, nikajiandikia mwenyewe. Nimezeeka ndipo najua kwamba pumziko halikuwa kwenye habari. Mama yako alikuwa nalo kando ya chungu cha uji, na hakujua lolote zaidi ya nilivyojua mimi.

Kuna jambo moja linalonitisha kuliko barabara, na kuliko ziwa pia. Ni kwamba utasoma haya na kusema: kumbe siku zile tatu nilizofunga, nilimfungia nani? Kumbe yule aliyenipenda akanionya hakuwepo. Nsimire, nakuomba, uongo wangu usimwandikie Mungu. Uandike kwangu. Neno lilikuwa langu, lakini utii ulikuwa wako, na ulikuwa wa kweli. Ulipokaa na njaa kwa shukrani, kinywa kimekauka, mimi nikila mahindi yangu ukutani, aliyekuona hakuwa mimi. Naamini aliupokea moyo ule. Hili sijaonyeshwa, ninaliamini tu, na sasa najua tofauti yake.

Kesho ukishaondoka ni Jumatano. Nitasimama kwenye chumba cha maombi niseme mbele ya wote. Nilitaka wewe ulisikie kwanza, si mtaani. Labda wataniondoa ukatibu. Waniondoe. Daftari lenyewe limejaa maono, na mengine nikiyasoma siku hizi nauliza maswali. Na wewe huko Goma, akija mtu kukuambia kwamba ameonyeshwa kitu juu yako, msikilize kwa heshima, umshukuru, halafu umuulize taratibu amekula nini leo.

Bourse siwezi kukurudishia. Miaka mitatu pia siwezi. Nimejaribu kutafuta maneno ya kuomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Mashi na kwa Kifaransa cha ofisini, na yote ni madogo. Nisamehe. Hilo ndilo nililo nalo. Kama msamaha utachelewa, uchelewe, usiuharakishe kwa sababu mimi ni baba yako na kesho unasafiri.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uisome Goma, mbali na uso wangu. Lakini ukiisoma Goma utakuwa umeshapita barabara kwa ajili ya neno langu. Basi naikunja sasa hivi na kukuletea mkononi. Nitaketi kwenye ngazi mpaka umalize. Ukitaka kunifokea, nifokee, mama yako atakusaidia. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe.

Boti au jeep, sitakuuliza. Kesho nitabeba valizi yako mpaka pale utakapochagua kupandia, na mtu akiniuliza Mungu amesema nini juu ya safari ya binti yangu, nitamjibu kwamba sijui. Wende, mwanangu. Kwa mara ya kwanza nakuacha mikononi mwake bila kumsemea.

Papa